Faili la Mtoto Mwingine

14 Aprili

Kwako Mama Chaki,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Januari. Barua yako ya kwanza niliipata, ya pili pia, na kila moja niliisoma nimesimama, mtoto mgongoni, nikasema jioni najibu. Jioni zimepita nyingi. Ulipohama kwenda kwa binti yako uliniambia simu huisikii vizuri, nikuandikie, nikaapa nitaandika kila mwezi. Sina pa kujificha.

Mtoto ana miezi minane na jino moja, kwa hiyo tunamwita Kijino. Baba yake anafanya zamu ya usiku kiwandani, mchana analala, na sisi tuna chumba kimoja. Nyumba nzima tunanong'ona. Kijino peke yake ndiye hajui kunong'ona.

Darasa lako bado lipo. Tuko palepale nyuma ya karakana ya fundi seremala, Jumanne na Alhamisi alasiri, watu kumi na mmoja. Vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye daftari. Ule mlango tuliokuwa tunauandikia kama ubao, mwenyewe amekuja kuuchukua. Tulikuwa katikati ya somo. Kaubeba na maneno yetu juu yake, "Leo ni Jumanne", fundi akamwambia maandishi ni zawadi. Sasa fundi mwenyewe amejiunga na darasa, anasema amechoka kusikiliza nusu nusu ukutani.

Habari kubwa nimeiweka mwisho ili uimalizie kwa raha. Bi Sauti wako amepata kazi ya chumba cha mafaili pale zahanati. Miaka kumi na minne ameisugua ile sakafu, leo anakaa dirishani na koti jeupe, mgonjwa anataja jina, yeye anakwenda kwenye rafu kumtolea faili lake. Karani mkuu alisema hampi kazi mpaka aone barua ya mwalimu wake. Nikaandika. Niliandika kwamba amesoma kwetu miaka sita na anasoma kwa sauti, bila kusita. Siku alipotuletea habari darasani watu walipiga vigelegele hadi fundi akazima randa. Kanikumbatia pamoja na Kijino, akasema, "Mwalimu, sasa naitwa ofisini, siitwi kwenye ndoo."

Mama, nilifurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi.

Nijibu upesi. Chaki zinaisha.

Mwanao,
Mama Kijino


27 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Kunyamaza kwako nimeshakusamehe. Mtu mwenye mtoto wa miezi minane akipata nafasi ya kuandika, ujue kuna kazi nyingine ameiacha inaungua jikoni.

Mimi nipo. Magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba nilisimama mbele ya ubao miaka ishirini. Wajukuu wananipigia kelele sikioni kana kwamba sikio ni shimo, kisha wanaulizana, "Bibi kasikia?" Nasikia nikitaka.

Kama kile kitabu chetu cha kijani kimechakaa, niambie, ninacho kingine. Halafu Bi Sauti, siku hizi anasoma kitu gani? Kuna kitabu kingine umempa, akakisoma mbele yako? Nauliza tu. Kazi ya mafaili ni majina, na majina huwezi kuyazoea, kila siku anakuja mgeni. Lakini yule mama ana akili kutushinda sisi wawili, atajua pa kushika.

Boksi la chaki nimempa dereva wa lori la vinywaji anayekuja huko, ataliacha kwa fundi. Mpake Kijino mafuta kwenye fizi. Na wewe ulale akilala, usiingie kwenye kufua.

Mama Chaki


10 Mei

Mama Chaki,

Chaki nimezipata, asante.

Umeniuliza kama Bi Sauti amesoma kitabu kingine. Swali umelificha kati ya magoti na chaki, kama mtu anayesahau sindano ndani ya nguo alizokunja. Nimelikuta.

Hajasoma kingine.

Tarehe sita Kijino aliamka na homa. Nilimpeleka zahanati saa mbili asubuhi, nikataja jina lake dirishani. Bi Sauti alikuwepo, kang'ara, akanipa salamu kwa sauti yake ile inayojaza chumba, akaingia ndani, akatoka na faili. Nesi akalipokea, akalifungua, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

"Kilo kumi na nne," akasema.

"Nani kilo kumi na nne?"

"Mtoto wako, mama. Imeandikwa hapa."

"Huyu hata nane hajafika. Mbebe uone."

Alinitazama vile wanavyotutazama sisi wenye watoto wa kwanza. Kisha akambeba, na nikaona uso wake unabadilika. Nikaligeuza faili mezani. Lilikuwa la mtoto wa kiume, miaka mitatu. Dawa ya kumtosha yule ilikuwa imeshavutwa, imesimama kwenye sindano, Mama, na paja la Kijino lilikuwa limeshapakwa spiriti.

"Nani katoa hili?" nesi akauliza kwa nguvu, kuelekea dirishani.

Bi Sauti alikuwa amesimama pale, mikono juu ya kizingiti. Hakuniangalia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaja jina la mtoto wa dada yangu. Siku mbili sijalala, akili sijui ziko wapi."

"Kina mama wa siku hizi," nesi akasema, akatingisha kichwa, na neno likaishia hapo.

Bi Sauti alinifuata hadi getini, akanibebea mkoba.

"Atapona, mwalimu."

"Atapona."

"Yale majina yanafanana sana."

Hayafanani. Hata herufi ya kwanza hayafanani. Nikamwambia, "Yanafanana kweli," nikachukua mkoba wangu.

Kijino amepona. Mimi ndiye sina raha, maana niliona kwa kuwa najua kusoma. Yule aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, yeye angeonaje? Angepokea sindano na kushukuru.

Sasa nikwambie lile ambalo limenifanya nisikuandikie tangu Januari. Ile habari ya jioni nilikudanganya. Mwezi huo wageni wa ofisi ya elimu walipokuja na kamera, nilimsimamisha Bi Sauti asome, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Asubuhi ile Kijino alikuwa amekifikia kitabu cha kijani, akachana karatasi moja, nusu akaila. Kurasa za kumi na saba na kumi na nane, mama muuza mkaa anaponyeshewa. Nikasahau kumwambia. Bi Sauti akasoma, akasoma, akamaliza kumi na sita. Mbele yake ilikuwa kumi na tisa, ile yenye picha ya kuku. Akaitazama picha ya kuku akatusomea mvua, mkaa uliolowa, yule mama anavyofunika gunia kwa kanga yake, kurasa mbili nzima, hakuacha neno. Kisha akafunua akaendelea na kuku.

Wageni walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Na mimi nilipiga makofi, nilipiga zaidi ya wote. Walituletea mabenchi manne, tunayakalia mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoandika ile barua ya karani mkuu nilikuwa najua. Niliandika kwa mkono mmoja, wa pili unamshika mtoto kwenye ziwa, nikajiambia atajifunzia hukohuko, na nikajiambia mimi ni nani nimzuilie mtu mkubwa riziki yake. Mimi mwenyewe shule niliishia njiani. Maneno mazuri ya kujidanganya hayakuniishia.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye uliyenifundisha kufundisha.

Mama Kijino


19 Mei

Mwanangu,

Kaa chini kwanza ndiyo usome.

Nilijua. Nilijua tangu mwaka wake wa pili. Siku moja nilimpa kitabu nimekigeuza, miguu juu kichwa chini, nikamwambia tuanze. Akakisoma vilevile kilivyogeuka, vizuri kabisa, hadi mwisho. Nikakipokea nikasema ahsante. Nilikuwa nimepanga kumwambia wiki ile. Wiki ileile wakaja watu saba wapya, wamemsikia kupitia ukutani, wanasema wanataka kusoma kama yule mama. Saba, mwanangu, wakati nilikuwa na watu wanne na mmoja wao anasinzia. Wawili kati ya wale saba leo wanasoma kweli. Nikajiambia hao wawili wamepatikana kwa sababu yake, niache.

Basi niliacha, mwaka ukawa miaka. Nikampa na jina, Bi Sauti, ili aendelee. Wala si yeye peke yake. Nimeandika barua kama hiyo yako zaidi ya mara moja, nikijua. Mtu anakuja na uso wa kuomba, ameoga, amevaa vizuri, anataka mistari mitatu tu. Utamwambia nini?

Ushauri wangu ni huu. Mpe muda. Mwezi mmoja, miwili, atazoea rafu zake. Ana macho makali, atayajua mafaili kwa madoa na mikunjo kama anavyokijua kitabu. Lile la Kijino lilikuwa bahati mbaya, na Mungu ameepusha.

Ukiona huwezi kabisa kunyamaza, basi usimseme mbele za watu. Mama mzima hafedheheshwi. Ukimfedhehesha leo, wiki ijayo utafundisha mabenchi. Tafuta njia ya siri, kati yako na yeye, bila mtu wa tatu.

Unaniona mbaya? Niseme ukweli, na mimi najiona. Lakini usiku nalala.

Mama Chaki


28 Mei

Kwa Bi Sauti,

Mimi ni mwalimu wako. Ninakupenda.

Ninajua huwezi kusoma. Unajua kitabu chetu kwa kichwa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu.

Siku ile ulitoa faili la mtoto mwingine. Usitoe faili kama huna hakika. Muulize mtu.

Njoo kwangu Jumamosi asubuhi. Njoo peke yako. Tutaanza upya. Hakuna atakayejua.

Mwalimu


2 Julai

Mwanangu,

Wiki sita tangu nikuandikie sijapata neno lako. Mara ya kwanza nilikuelewa, safari hii naogopa.

Jana dereva wa lori kaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ya fundi seremala. Ameiandika mwenyewe, kwa penseli yake ile nene ya kuchorea mbao. Nakunakilia yote: "Mama Chaki. Darasa hakuna. Mwalimu haji. Bi Sauti haji. Mabenchi yako kwangu. Watu wanauliza. Mimi fundi."

Ni barua ya kwanza maishani mwake, na imeandikwa vizuri, kila kitu kiko mahali pake. Nililia kwa furaha kisha nikaisoma tena nikaelewa inasema nini, nikalia kwa lile jingine.

Kumetokea nini? Mtoto mzima? Ulimwambia? Kama ulimwambia, alisemaje? Kama nimekushauri vibaya niandikie hivyo, lakini andika. Naweza kutuma nguo za Kijino, binti yangu ana mfuko mzima. Sema unachohitaji.

Mama yako


11 Julai

Mama Chaki,

Kijino mzima. Mimi nipo. Nimeandika barua hii mara tatu nikachana, hii siichani.

Ulisema nitafute njia ya siri, nikaitafuta. Niliogopa kukaa naye uso kwa uso, kwa hiyo nilimwandikia. Ndiyo, Mama. Nilimwandikia. Niliandika kwa herufi kubwa, maneno ya darasani tu, nikajiambia: akiweza kuisoma, basi nimemsingizia na atanichania usoni, na nitafurahi. Asipoweza, itakaa mfukoni, na mimi nitakuwa nimeshasema. Nilitaka niseme bila kusikiwa. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilijiona mtu mwenye hekima.

Nilimpa mkononi, dirishani. Alifurahi kupita kiasi. Hakuwahi kuandikiwa barua na mtu yeyote tangu azaliwe, sikuwa nimelifikiria hilo. Sijafika getini nikamsikia, "Jamani, nimeandikiwa na mwalimu wangu." Nikadhani nirudi. Sikurudi. Mengine niliyasikia kwa nesi.

Alimpa karani mkuu. "Nisomee, mwenzangu, miwani nimeiacha nyumbani." Hana miwani. Karani mkuu naye akadhani ni pongezi, akaanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie. Walikuwepo manesi wawili, na foleni imefika mlangoni. Alisoma "Ninakupenda", watu wakacheka kwa raha. Akasoma uliofuata. Nesi anasema alimaliza ule mstari kabla macho hayajamwambia anasoma nini, kisha akainua uso, akakunja karatasi, akamrudishia. Bi Sauti aliipokea, akavua koti jeupe, akalitundika msumarini, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku ileile karani mkuu alianza kupitia mafaili. Alikuta mengi yamerudishwa siyo pake, na vidonge vya watu vimeandikwa kwa watu wengine. Na alimkuta fundi baiskeli wa pale kona. Yule mzee alikuwa amepewa dawa ya presha ya mtu mwingine, kali kuliko yake mara mbili. Alipata kizunguzungu bafuni akaanguka, mkono umevunjika, wa kulia. Alianguka tarehe ishirini na tano.

Nimehesabu, Mama. Tangu siku ya sindano ya Kijino hadi siku niliyoandika ile karatasi ni siku ishirini na mbili. Mzee alianguka siku ya kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa nilikuwa nasubiri barua yako, na ilipofika ikaniambia nimpe muda, nikashukuru, kwa sababu ndicho nilichokuwa nataka kusikia. Sikutupii mzigo. Nakwambia nilivyoshukuru.

Wiki mbili sikutoka nyumbani. Fundi seremala alikuja mlangoni akagonga, nikamziba Kijino mdomo kwa ziwa. Baba Kijino akaamka, akaniuliza tunajificha nani. Nikamsimulia yote. Akasema, "Sasa huyo mama anakula wapi?" Mimi nilikuwa nimejililia wiki mbili na hilo sijaliuliza.

Kesho yake nilikwenda kwa karani mkuu. Nikamwambia barua ile niliandika nikijua si kweli, na nikamwambia ya siku ya sindano, kwamba sikutaja jina la mtoto wa dada yangu, sina hata dada. Aliitoa barua yangu kwenye droo.

"Nikiipeleka kwa mganga mkuu, jina lako litakuwa juu," akasema.

"Ipeleke."

"Na kwa darasa lenu sitapokea barua nyingine. Hata ya anayesoma."

Hapo niliumia, kwa ajili ya fundi na wengine. Lakini ni haki yake. Aliipeleka. Mganga mkuu kaniita, kanisema, nimesemwa nikamaliza. Nimekwenda pale asubuhi nane, Kijino mgongoni, namsomea karani namba yeye anatafuta rafu. Mafaili yote sasa yamerudi pake. Mkono wa mzee haujarudi.

Bi Sauti hawakumfukuza. Wamempeleka chumba cha kufulia. Mara ya kwanza nilipokwenda aliendelea kusuuza kana kwamba umepita upepo. Mara ya pili alimsalimu Kijino, mimi hakunisalimu. Mara ya tatu alikuwa anakunja mashuka, makubwa yale, akanitupia ncha mbili.

"Shika huko."

Nikashika. Unajua shuka linavyokunjwa na wawili, kila mkunjo lazima msogeleane.

"Ulishindwa kuniambia kwa mdomo?"

"Nilishindwa."

"Mdomo unao. Kwenye kunisifia ulikuwa unafanya kazi."

Tukasogeleana, akachukua ncha zangu, akaniacha nimeshika mkunjo.

"Mwaka wa kwanza," akasema, "nilidhani ndiko kusoma. Mama Chaki anasema maneno, mimi nayashika, nikimrudishia anafurahi. Nilidhani na nyinyi ndivyo mnavyofanya, mnakijua kilichomo kisha mnakitazama tu. Siku nilipoelewa kwamba sivyo, mlikuwa mmeshanipigia makofi. Ningesimama niseme nini? Basi nirudishieni makofi?"

Akachukua shuka lingine.

"Na mafaili?" nikauliza.

"Mafaili niliogopa kila siku. Ya watu wa zamani nayajua, hili lina doa la chai, hili limekatika pembe. Mgeni akitaja jina, natoa lolote lililo jipya, naomba Mungu. Unadhani nilikuwa nalala?" Akavuta ncha kwa nguvu hadi nikapepesuka. "Yule mzee wa baiskeli umemwona?"

"Bado."

"Mimi namfulia, kila Jumapili. Nimemwambia ni mimi. Na wewe utamwambia ni wewe."

Tukaenda pamoja. Mzee alikuwa amekaa kwenye tairi mbele ya banda lake, mkono umefungwa kifuani. Nilimweleza yote. Alitutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo nyinyi wawili ndio mlionivunja mkono."

"Ndiyo, baba."

"Basi mmoja ashike pampu, mwingine ashike gurudumu. Kuna mteja anasubiri."

Usidhani ametusamehe. Hajasema hivyo na hatujamuuliza. Anatutumikisha, na anatukaripia mbele ya wateja, nasi tunakwenda.

Bi Sauti amekubali kuanza. Amekubali kwa masharti yake na nimeyapokea yote. Kitabu cha kijani hataki kukiona, hata jalada. Hataki kusoma kwa sauti. Jina la Bi Sauti tusimwite tena, na sisi tulikuwa tunamwita hivyo kiasi kwamba watu wazima tunatafuta la kumwita. Kwa sasa tunamwita Dada, naye anaitikia. Anakuja kwangu Jumamosi asubuhi, Baba Kijino amelala nyuma ya pazia, tunanong'ona. Herufi anazozijua kwa hakika, popote zinapokaa, ni tisa. Baada ya miaka sita, Mama. Tisa. Juzi aliitambua ya kumi kwenye mfuko wa unga, mimi sijamwambia kitu. Hakufurahi. Aliitazama tu, akaniuliza, "Kwa hiyo hii ilikuwa hapa siku zote?"

Darasa linaanza tena Jumanne. Niliwasimulia wanafunzi nilichofanya, sehemu yangu tu, ya kwake nilimwachia. Wawili wameondoka. Fundi alisema benchi halijui limeletwa na nani, tukae. Mimi nimesimama tangu siku hiyo, na nitasimama.

Sasa la kwako. Nakupenda, na bila wewe nisingejua hata kushika chaki. Lakini uliandika kwamba unalala, na uliandika kwamba Dada si wa kwanza. Niliipita sentensi hiyo haraka niliposoma barua yako, kama ulivyotaka niipite. Sasa siipiti. Mahali fulani kuna mtu mwingine amesimama kwenye rafu, au kwenye ghala la dawa za wadudu, au kwenye mashine yenye maandishi ya hatari, ana barua yako mfukoni na anaomba Mungu. Sitasubiri siku kumi na tisa tena. Nitawatafuta mmoja mmoja, nitakwenda kwa miguu yangu, nitawaambia kwa mdomo, wakiwa peke yao. Ukiweza kupanda basi na magoti hayo, twende wote. Usipoweza, nitasema umenituma.

Umesema niseme ninachohitaji. Nguo za Kijino nazipokea, za mwaka mmoja kwenda juu, amekua. Zaidi ya hizo nahitaji hivi:

Karatasi zenye maandishi ambazo Dada hajawahi kusikia zikisomwa: maboksi ya dawa yaliyokwisha, mifuko ya mbegu, matangazo yaliyobanduka, chochote chenye maneno yasiyozidi ishirini.

Majina mia mbili ya watu wa huko, ambao sisi hatuwajui, ili asiweze kukisia. Waombe wajukuu waandike, kila mmoja kwa mwandiko wake, na wasijitahidi kuandika vizuri.

Kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, mia mbili, za kuandikia hayo majina.

Penseli nene mbili kama ya fundi. Za kwetu zinavunjika mkononi mwake, anakandamiza sana.

Barua yako kwa karani mkuu, imesainiwa, ukisema ulijua tangu mwaka wa pili.

Na orodha ya wote uliowaandikia barua ukijua hawasomi. Jina kamili, kazi anayofanya, na mahali alipo. Kama mmoja humkumbuki vizuri, andika unachokumbuka. Mpe dereva wa lori wiki hii, asipite bila hiyo.

Mwanao,
Mama Kijino